Barua ya wazi: Ankara ya kweli ya gari iwe na uzito forodhani

Kwa: Waziri mwenye dhamana ya fedha, Kamishna wa Forodha, na wote wanaosimamia bandari na usajili wa magari

Kutoka: mawakala wa forodha, waagizaji na wauza magari wa Dar es Salaam

YAH: ANKARA ZA UONGO, KIKOKOTOO, NA USHURU WA MAGARI YALIYOTUMIKA

Waheshimiwa,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mtu wa Dar akishachagua gari Japani, kabla hata hajaenda benki kutuma fedha, muuzaji wa huko humtumia ujumbe: "Invoisi ya forodha niandike ngapi?" Haulizi kwa kunong'ona. Anauliza kama muuza chipsi anavyouliza kama akuwekee pilipili. Amezoea hivyo kwa sababu wateja wamemfundisha kwamba namba iliyo kwenye karatasi hiyo ikiwa ya kweli haisaidii, na ikiwa ya uongo mara nyingi haidhuru.

Kazi yetu ni kutoa magari bandarini na kuyauza, na barua hii ni kuhusu namba hiyo moja. Tunaomba ankara ya kweli yenye ushahidi ikubaliwe, hata pale inapokuwa chini ya bei ya kikokotoo, yaani thamani ambayo tovuti ya Mamlaka ya Mapato (TRA) hulipangia gari, na ya uongo imgharimu aliyeileta. Mengine yote humu ni matawi ya ombi hilo.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu mtu anaweza kudhani hili ni suala la tabia tu. Chukua Corolla Axio ya chasisi NZE141, injini cc 1,496, ya mwaka 2010. Bei yake pamoja na nauli ya meli na bima hadi Dar, yaani CIF, tuseme ni dola 4,000. Ushuru wa forodha ni 25%, hiyo ni dola 1,000. Ushuru wa bidhaa haukokotolewi juu ya 4,000, unakokotolewa juu ya 5,000, kwa kuwa ushuru wa kwanza umeshaingia ndani: 5% ya ukubwa wa injini kwa gari la kati ya cc 1,000 na 2,000 ni dola 250, na 30% ya uchakavu kwa gari lililozidi miaka 10 ni dola 1,500. VAT inakuja mwisho na kuvibeba vyote: 18% ya 6,750 ni dola 1,215. Jumla dola 3,965. Hapo bado tozo ya reli, ada ya forodha, usajili, gharama za bandari na za wakala.

Kwa hesabu hiyo, kila dola inayofichwa kwenye ankara ya Axio inaficha pia senti 99 za kodi. Likiwa Harrier ACU30 la umri huohuo, cc 2,362, ushuru wa injini unapanda kuwa 10%, na dola moja inaficha dola moja na senti 6. Gari lisilofika miaka 8, lenye injini kama ya Axio, linaficha senti 55. Mnapojiuliza kwa nini kughushi ankara hakuishi licha ya semina na matangazo, anzieni kwenye senti hizo.

Serikali ilijibu kishawishi hicho kwa kikokotoo. Unaingia kwenye tovuti ya TRA, unachagua aina ya gari, modeli, mwaka, nchi linakotoka, mafuta na ukubwa wa injini, kinakuletea thamani na kodi. Kwa mnunuzi anayetaka kupanga fedha zake kabla ya kutuma, ni chombo kizuri, na wateja wetu tunawaelekeza huko kila siku. Shida inaanza pale makadirio yanapogeuka hukumu.

Tazama inavyokwenda. Tuseme Axio yetu ya 4,000 imewekewa thamani ya 5,200 kwenye kikokotoo. Mwenye ankara ya kweli analipa dola 5,154.50 badala ya 3,965. Ukweli wake haukumwokolea hata senti. Jirani yake kanunua Axio ya mwaka uleule, safi, kilomita chache, CIF 6,500. Huyu akileta ankara ya 5,200 inapita. Akileta ya 3,000 atapandishwa hadi 5,200, basi, yameisha. Thamani ya dola 1,300 imepita bila kuguswa na karibu dola 1,289 za kodi zimepotea nayo. Ukijumlisha wawili hao, mapato yanaweza kuonekana hayana tatizo. Lakini kwa walipa kodi wenyewe, aliyenunua gari bovu amemlipia aliyenunua gari zuri.

Na bovu na zuri vinaonekana wazi, kama mtu akitaka kuangalia. Karatasi ya mnada ya Japani ina daraja juu pembeni: 4.5 ni gari safi, 4 na 3.5 ni la kawaida, R au RA ni lililowahi kugongwa likatengenezwa. Chini yake kuna mchoro wa gari lililolazwa kama samaki aliyepasuliwa, na kila kasoro imeandikwa mahali pake: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni pale palipopigwa bodi na rangi, na tarakimu inayofuata herufi inaonyesha ukubwa wa kasoro. Axio yenye R na W3 kwenye mlango haiwezi kuwa na bei moja na Axio ya 4.5. Kikokotoo hakina hata sehemu ya kuandika daraja.

Sheria haikutaka iwe hivi. Jedwali la Nne la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 limefuata mkataba wa uthamini wa Shirika la Biashara Duniani (WTO), na njia ya kwanza ni bei iliyolipwa au inayopaswa kulipwa. Afisa akiwa na shaka anayo haki ya kudai ushahidi zaidi. Asiporidhika, anashuka ngazi: bei ya bidhaa ileile, kisha ya bidhaa inayofanana nayo, na kuendelea hadi njia ya sita. Na hata akifika ya sita, mkataba unakataza thamani za chini zilizopangwa kabla. Hifadhidata ya bei inaruhusiwa kama kengele ya kumwambia afisa "hii iangalie vizuri". Haikuwekwa iwe mzani wenyewe.

Njia ya kupinga ipo. Kifungu cha 229 cha Sheria hiyo kinampa mlalamikaji siku 30 za kuomba mapitio, kinampa Kamishna siku 30 za kujibu kwa maandishi na kwa sababu, na Kamishna akikaa kimya ombi linahesabiwa limekubaliwa. Ni kifungu kizuri mno. Lakini hebu fikirini mtu aliyeagiza Vitz moja, anasubiri jibu huku gari limekaa yadi na stoo inahesabu kila siku. Anapiga hesabu ya vidole, anaona stoo italipita deni analobishania, analipa na kuondoka. Kwa hiyo kama majalada ya mapitio ya magari madogo yanaonekana membamba, msiyasome kama ushahidi wa kuridhika. Dawa iko kwenye mkataba uleule wa WTO, ibara ya 13: mwenye mali aruhusiwe kuchukua mali yake akiweka dhamana inayofunika kodi inayobishaniwa. Tunaomba hilo liwe jambo la kawaida kwa gari la mtu binafsi. Alipe kodi ya bei anayoitetea, aweke dhamana ya ile tofauti tu, fomu iwe ukurasa mmoja, gari litoke. Na anayekataa ankara aandike: nimeikataa kwa sababu hii, nimetumia njia namba fulani, gari nililolinganisha nalo ni hili, liliingia mwezi huu, kwa thamani hii. Mistari minne inatosha.

Hatuombi tuaminiwe kwa sura. Ushahidi wa bei ya kweli upo, tena mwingi, ila hauombwi.

Muuzaji wa Japani hapakii gari melini bila kulitolea tamko kwenye forodha ya kwao. Forodha hiyo hutoa kibali cha kuuza nje, na kibali kina thamani ya FOB, yaani bei bila nauli ya meli na bima, kwa yeni. Muuzaji anakitunza kama mboni ya jicho, kwa sababu ndicho kinachomwezesha kurudishiwa kodi ya matumizi, ambayo tangu Oktoba 2019 ni 10%, aliyolipa aliponunua gari mnadani. Maana yake, mtu anayemwandikia mteja wa Dar ankara ya dola 1,800 ana faili lingine mezani lenye namba nyingine. Faili hilo la pili ndilo analoogopa kulikosea. Mkaguzi wa kodi wa kwao akikuta gari lililonunuliwa mnadani kwa bei kubwa limeuzwa nje kwa bei ya baiskeli, hatanyamaza.

Nakala ya kibali hicho iwe miongoni mwa nyaraka za lazima, pamoja na karatasi ya benki ya kutuma fedha nje (TT), karatasi ya mnada, cheti cha kufutwa usajili Japani na hati ya shehena. Ankara moja inachapwa kwa dakika tano. Nyaraka tano kutoka kwa watu watano tofauti, zote zikisema gari lilelile na hakuna inayoipinga bei, ni kazi ngumu kuzighushi. Kwa gari la Uingereza iwe hivyohivyo: tamko la kuuza nje la huko, na hati ya usajili wa gari ya huko, V5C, inayoonyesha tarehe gari lilipoandikishwa kwa jina la mtu.

Lakini amri ya kudai nyaraka ikitoka kavukavu itawaumiza wakweli kabla ya waongo, kwa hiyo tuseme mapema mahali itakapokwama. Kibali kimoja kinaweza kubeba magari kadhaa ya muuzaji mmoja, basi kiambatane na orodha ya namba za chasisi na bei ya kila gari. Yeni na dola haziendi pamoja kila siku. Tofauti ya asilimia chache kati ya kibali na ankara isiitwe uongo. TT ndiyo yenye visa vingi zaidi. Wengi hulipa kwa awamu, amana kwanza na salio baadaye, kwa hiyo TT ni mbili au tatu na hakuna hata moja inayolingana na ankara. Benki zinazopitisha fedha hukata chao njiani. Wengine hutumiwa na ndugu aliye nje. Wauzaji wa yadi hulipia magari matano kwa TT moja. Yote hayo ni halali na yote yanatibika kwa kanuni moja: kila TT iandikwe namba ya ankara ya awali au namba ya chasisi kwenye sehemu ya maelezo ya malipo, na TT ya magari mengi iambatane na mgawanyo uliosainiwa na muuzaji. Tangazeni kanuni hiyo miezi mitatu kabla ya kuanza kuidai. Meli kutoka Japani inachukua wiki kadhaa, na gari lililo majini haliwezi kurudi kutafuta karatasi.

Mwaka wa gari nao unahitaji aya yake, kwa kuwa una bei. Axio yetu ya CIF 4,000 ikihesabiwa kuwa ina miaka 8 hadi 10, uchakavu ni 15% na kodi inashuka hadi dola 3,080. Ikiwa chini ya miaka 8, inashuka hadi 2,195. Kila ngazi ni dola 885 kamili. Ngazi yenye kimo hicho lazima watu watajaribu kuiruka, na pengine Bunge lingefikiria kuipasua iwe vidaraja vya mwaka mmoja mmoja, ili mwaka mmoja usiwe na thamani ya kumfanya mtu achezee karatasi.

Ugomvi mwingi wa mwaka, hata hivyo, hauna mwizi ndani yake. Umri unahesabiwa kuanzia mwaka wa kutengenezwa, ilhali cheti cha Japani kinaonyesha mwezi gari liliposajiliwa mara ya kwanza. Gari lililotoka kiwandani Novemba, likasubiri mteja hadi Februari, lina miaka miwili tofauti na hakuna aliyedanganya. Namba ya chasisi haiamui, kwa sababu magari ya soko la ndani la Japani hayana ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17. Yana NZE141, kistari, na mfululizo wa tarakimu. Mkaguzi avute mkanda wa usalama wa dereva hadi mwisho. Chini kabisa, karibu na sakafu, kuna lebo ya kitambaa iliyoshonwa, na mara nyingi ina tarehe mkanda ulipotengenezwa. Mkanda unaweza kubadilishwa baada ya ajali, kwa hiyo aangalie na wa abiria, kisha alama za kwenye vioo. Vikipatana, mjadala umefungwa. Tairi asizitumie; hizo zimeshabadilishwa mara ngapi hakuna ajuaye.

Halafu kuna kalenda. Nyaraka za Japani huandika mwaka kwa enzi ya mfalme: Heisei 22 ni 2010, kwa kujumlisha 1988, Reiwa unajumlisha 2018. Reiwa ilianza tarehe 1 Mei 2019, ndiyo maana Heisei 31 na Reiwa 1 zote ni 2019. Mtafsiri mzembe akiandika "01" bila jina la enzi, gari la 2019 linasomwa la 2001, na mwenye gari anaanza kuitwa tapeli. Tafsiri na nakala halisi zikigombana, halisi ishinde, na jedwali la enzi libandikwe kila meza ya wathamini. Gharama yake ni karatasi moja na gundi.

Ukubwa wa injini haustahili mjadala mrefu. Herufi za mwanzo za chasisi zinasema kila kitu: Vitz KSP90 ni cc 996 na haina ushuru wa injini, SCP90 ni cc 1,296 na inalipa 5%. IST NCP60 ni cc 1,298, NCP61 ni cc 1,496. Cheti cha Japani kinaandika injini kwa lita, 0.99 au 1.29, pamoja na urefu, upana na kimo kwa sentimita. Vitz yenye 375 kwa 169 kwa 152 ina kubiki (mita za ujazo) 9.63; hati ya shehena ikija na kubiki 11, lililopakiwa si Vitz, au vipimo vimeandikwa vibaya. (Kubiki haitaonyesha rimu, tairi na vipuri vilivyojazwa kwenye buti bila kuandikwa popote. Hivyo pia ni bidhaa, na wenye navyo wajue hilo.)

Ankara ya "zawadi" ni mchezo mwingine unaopendwa na wauzaji wa mtu kwa mtu, hasa Uingereza na Marekani. Wanadhani wakiandika zawadi, ushuru unafutika. Zawadi haina bei ya mauzo, kwa hiyo njia ya kwanza haifanyi kazi kabisa na afisa anahamia njia zinazofuata. Kodi ni ileile, ila mnunuzi amepoteza hoja ya kujitetea. Msamaha wa kweli ni wa mtu anayehamia nchini moja kwa moja, gari moja, alilolimiliki na kulitumia huko kwa miezi 12 au zaidi. Hapo tarehe gari lilipoandikishwa kwa jina lake, kwenye V5C au cheti cha nchi husika, ndiyo kila kitu, na ndiyo inayorudishwa nyuma na wajanja. Iombwe moja kwa moja kutoka kwa msajili wa nchi hiyo, isitegemee nakala iliyopita mikono mitatu.

Tungependa wanunuzi nao waambiwe wazi, kwa Kiswahili, ankara ya uongo inavyowarudi wenyewe. Kifungu cha 203 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha kinampeleka mtoa tamko la uongo jela hadi miaka mitatu au faini hadi dola 10,000, na kumbukumbu zinaweza kudaiwa kwa miaka mitano baada ya gari kutoka. Hilo wengi wanalisikia kama radi ya mbali. Ya karibu ni haya: gari likiharibika melini, bima inaangalia thamani iliyokatiwa, na aliyeandika 2,000 hatalipwa 5,000. Muuzaji akileta gari lenye injini iliyokufa, mnunuzi anadai arudishiwe fedha akiwa ameshika ankara inayosema alilipa nusu. Na mwenye yadi anayetunza vitabu, akiingiza gari kwa bei ya uongo akaliuza kwa bei ya soko, faida yake kwenye vitabu inavimba, na kodi ya kampuni ya 30% inaifuata faida hiyo. Aliyetunza vitabu anajikuta anarudisha sehemu ya alichoficha. Asiye na vitabu harudishi kitu. Ndiyo sababu biashara hii inawapendelea vishoka.

Kishoka, kwa asiyemjua, ni mtu asiye na leseni ya uwakala anayekutana na mteja nje ya geti, anachukua nyaraka na fedha, kisha anaazima leseni ya wakala mmoja na wakati mwingine TIN (namba ya mlipa kodi) ya mtu mwingine kabisa. Ankara inabadilishwa mikononi mwake. Mteja hajui, anachokiona ni kiasi cha mwisho. Mfumo ukimtumia mwenye TIN ujumbe mfupi wa simu siku tamko linapoingizwa, ukitaja namba ya chasisi, thamani iliyotamkwa na jina la wakala, kishoka atakuwa amepoteza giza lake. Aliyelipa dola 4,500 akiona ujumbe wa 2,300 atapiga simu. Asiyejua kwamba kuna gari limeingizwa kwa TIN yake atapiga haraka zaidi.

Hadi hapa tumesema magari yanayoingia. Dar pia inauza nje: Lusaka, Lubumbashi, Lilongwe, Bujumbura. Gari ambalo halijalipiwa kodi hapa linatoka kama IT, yaani gari la kupita tu nchini, kwa tamko la mpito na dhamana ya wakala inayolingana na kodi yote, na lina siku 30 za kuvuka: Tunduma kwa wa Zambia na wengi wa Congo, Kasumulu kwa Malawi, Kabanga kwa Burundi. Dhamana inafunguliwa pale tu mfumo unapoonyesha gari limetoka. Dereva akivuka bila uthibitisho kuingizwa, wakala anabaki na dhamana iliyofungwa kwa gari ambalo tayari linabeba abiria Lubumbashi. Kinyume chake ndicho kibaya zaidi: karatasi zimevuka, gari limebaki. Uthibitisho wa kutoka ungepaswa kubeba namba ya tamko la kuingia upande wa pili. Bila namba ya Zambia, gari lihesabiwe bado liko Tanzania.

Muuzaji wa nje naye ana wajibu wa kujua sheria za aendako mteja. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8. Uganda ilifunga mlango kwa yenye miaka 15 au zaidi mwaka 2018. Rwanda iliacha kupokea usukani wa kulia tangu 2005. Kumuuzia mtu gari ambalo halitasajiliwa kwao ni kumuuzia banda la kuku.

Gari lenye namba za Tanzania ni habari nyingine. Kodi iliyolipwa hapa hairudishwi, na mnunuzi wa Lusaka atalipa upya kwao. Cheti cha uasili cha SADC, kinachothibitisha kwamba bidhaa imetoka nchi mwanachama wa jumuiya hiyo ya kusini mwa Afrika, hakimsaidii, kwa kuwa gari la Japani haligeuki la Tanzania kwa kutembea barabara ya Morogoro miaka mitano. Kwa sababu hiyo wengi hawafanyi mauzo ya nje kabisa: wanakabidhi kadi, mnunuzi anavuka kwa kibali cha muda kama mgeni, na harudi. Miaka mitatu baadaye aliyeuza bado ndiye mmiliki kwenye kumbukumbu, na makosa ya barabarani na ya jinai yanamwita yeye. Tunaomba utaratibu mmoja ulioandikwa na kubandikwa mipakani, kwa mpangilio unaoeleweka: mkataba wa mauzo, uhakiki wa polisi kwamba gari si la wizi, tamko la kuuza nje, kufutwa usajili, kurudisha namba. Kwa sasa mtu mwaminifu anauliza madirisha matatu na kupata majibu matatu.

Tunajua mtakachotujibu: ankara za kweli ni chache mno kuweza kujengea mfumo. Huenda. Zambia ilichagua njia tofauti. Gari lililotumika hulipiwa kiasi maalumu kilichotangazwa kwa kwacha, kulingana na aina, injini na umri, na ankara haibishaniwi sana. Ushuru wa kiasi maalumu ni halali na uko wazi, na kila mtu anaujua kabla ya kununua. Lakini kwa ushuru wa forodha uamuzi huo hauwezi kufanywa Dar peke yake. Unapita Baraza la Mawaziri la Jumuiya. Kama huko ndiko mnakotaka kwenda, semeni, mpeleke hoja, tuijadili. Tunachokilalamikia ni kuishi katikati: sheria inasema bei ya mauzo, meza inasema jedwali, na jedwali lenyewe halijulikani limepangwa na nani wala limebadilishwa lini.

Kabla ya safari hiyo ndefu, jaribuni dogo. Chukueni modeli tatu zinazojulikana na kila fundi wa mtaa wa Gerezani: Vitz, IST na Axio. Kwa miezi sita, mwagizaji atakayeleta kibali cha kuuza nje cha Japani, TT, karatasi ya mnada, cheti na hati ya shehena, vyote vikipatana, alipe kodi ya bei yake, iwe juu ya kikokotoo au chini. Wengine waendelee kama kawaida. Chagueni kumi katika kila mia, waandikieni forodha ya Japani kuthibitisha namba za vibali. Atakayekutwa ameghushi, apelekwe kwenye kifungu cha 203 hadharani, na leseni ya wakala wake isimame. Sisi tutawaambia wauzaji wa Japani kwamba kwa modeli hizo tatu, swali la "niandike ngapi" lina jibu moja.

Tunawasilisha.

Mawakala wa forodha, waagizaji na wauza magari,
Dar es Salaam